Sketi za Kupandia Baiskeli

Mimi ni fundi cherehani na mume wangu ni fundi baiskeli. Tunaishi Makorora, na chumba cha mbele cha nyumba yetu, kile chenye mlango wa barabarani, tulikigawana tangu tulipooana: upande mmoja cherehani yangu na meza ya kukatia, upande wa pili matairi, spoki na makopo yake ya grisi. Mteja wangu akiingia na nguo nyeupe ilibidi nimwonyeshe mahali pa kusimama. Wote wawili tulizaliwa kwenye makambi ya mkonge, wajukuu wa wakulima walioshuka kutoka milimani kutafuta kibarua. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri. Tunapishana katika mambo mengi, lakini katika hili hatujawahi kubishana: kitu kikitengenezwa, kitengenezwe kidumu.

Mji wetu ni mji wa baiskeli. Watu huenda nazo kazini, sokoni, msibani. Wanawake nao hupanda, ila wengi hupanda kwa wasiwasi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshikilia nguo. Asubuhi moja mwalimu wa shule ya msingi alifika mlangoni kwetu akitembea upande upande kama kaa, na nyuma yake mpita njia amemnyanyulia gurudumu la nyuma. Pindo la buibui lake lilikuwa limeliwa na cheni. Mume wangu alipiga magoti akaizungusha pedeli kinyumenyume, polepole, lakini kitambaa kilikuwa kimeshazama kwenye meno, ikabidi kukata. Mimi ndiye niliyeshika mkasi. Mwalimu aliangalia darini muda wote niliokuwa nakata, kama mtu anayechomwa sindano, kisha akasema hilo halikuwa la kwanza na hadhani litakuwa la mwisho.

Alipoondoka nilibaki na kile kipande cheusi chenye grisi mkononi. Nikaanza kufikiria sketi ambayo mtu akisimama ni sketi ya heshima, ndefu, yenye marinda, na akipanda baiskeli inagawanyika ndani kama suruali pana, na pindo lake linabanwa na kifungo ili lisifike kwenye cheni. Kufikiria ni rahisi. Nilishona nikafumua, nikashona nikafumua. Mume wangu aliisimamisha baiskeli kwa stendi katikati ya chumba, mimi nikawa napanda na kukanyaga hewa, yeye amechuchumaa anaangalia pindo linavyopita karibu na cheni. Aliniambia marinda ya nyuma yanavuta. Nikayahamishia pembeni. Aliniambia mshono wa katikati utamkwaruza mtu akienda mbali. Nikauondoa kabisa, nikaweka kipande cha ziada chenye umbo la jani. Mishono yote niliikunja mara mbili na kuipiga kwa uzi mnene. Siku niliyokwenda nayo hadi Pongwe na kurudi bila kuigusa nguo yangu hata mara moja, nilishuka mlangoni nikicheka peke yangu.

Ndivyo sketi zetu zilivyoanza. Yule mwalimu alivaa ya kwanza, wenzake wakamfuata, wakaja manesi, wakaja kina mama wanaopeleka maandazi madukani asubuhi. Ndani ya kiuno nilishona kitambaa kidogo chenye picha ya gurudumu na namba yetu ya simu, ili mshono ukifumuka mwenye nguo ajue pa kuirudisha. Baadaye tukaanza kuweka picha kwenye simu, maagizo yakaja kutoka Dar na Arusha, tukawa tunatuma vifurushi kwa basi. Hatukuwa na duka wala bango. Tulikuwa na kile chumba tu, na watu walianza kulitaja lile gurudumu dogo kama wanavyotaja jina la mtu wanayemfahamu.

Wazo la kutoa lilikuwa la mume wangu. Alikuwa ananunua baiskeli za mtumba zilizochoka, anazifufua, na zile alizozipenda zaidi hakutaka kuziuza. Akasema sketi zikituletea riziki, basi kila zinapokwenda nyingi, baiskeli moja na sketi moja ziende kwa mwanamke anayetembea kwa ajili ya wengine. Alimaanisha wahudumu wa afya wa vijijini, wale wanaozunguka kupima watoto uzito na kuwakumbusha wajawazito siku zao za kliniki. Nilimkubalia mara moja. Nilijivuna, sitaficha.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa kijiji kimoja upande wa Moa. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka michache, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, mjane anayeishi na mama yake mzazi. Vitongoji vyake vilikuwa mbalimbali, na alivizunguka kwa miguu na mkoba begani, jua likimpiga. Tulimpelekea baiskeli juu ya pikapu. Alipoiona akasema hajui kupanda, akafunika uso kwa ncha ya mtandio. Mume wangu akampeleka uwanja wa mpira, akashika keria, akawa anamkimbiza huku na huku hadi shati lake likaloa. Mama mtu alikuwa amekaa pembeni kwenye kipande cha gogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kumwondolea mwanawe macho, akaniuliza kama baiskeli hiyo ina breki. Nikamwambia inazo mbili, na kwamba mume wangu ndiye aliyezifunga.

Jioni ya siku hiyo yule mwanamke alizunguka uwanja mzima peke yake. Nilimpiga picha akikata kona, sketi imetulia, mtandio umepeperuka kidogo, na anacheka kwa mdomo wazi. Aliniruhusu kuitumia. Ni picha hiyo iliyozipeleka sketi zetu mbali. Watu waliituma na kuitumiana, na wengi waliotuandikia waliuliza kama tunayo ile ile aliyovaa yule dada anayecheka. Tangu siku hiyo akawa ananipigia simu kunisalimu, akiniita mimi dada na mume wangu shemeji. Alisema kitongoji cha mwisho ambacho zamani alikifikia akiwa amechoka hata kuongea, sasa anakifikia na maneno yake yote.

Baada yake tulitoa nyingine, mojawapo ng'ambo ya mto kule Pangani. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Kisha ikaja ile simu. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, niko mezani nakata. Mwanamume nisiyemjua aliuliza kama mimi ndiye mwenye nguo zenye picha ya gurudumu. Nilidhani ni mteja, nikamwambia ndiyo, karibu. Akasema yeye ni dereva wa bodaboda, yuko barabara kuu ya kwenda Horohoro, kuna mama amegongwa na lori akiwa kwenye baiskeli, simu yake imevunjika, na namba pekee waliyoiona ni hii iliyoshonwa kwenye kiuno cha sketi. Akaniuliza: "Huyu ni ndugu yako?"

Nikasema ndiyo.

Lori halikusimama. Walioliona walisema lilikuwa linapita lori jingine, likatoka upande wake na kumfuata alikokuwa, pembeni kabisa, kisha likaenda zake. Mmoja alisema lilikuwa la bluu, mwingine akasema la kijani. Polisi waliandika maelezo yetu kwa utulivu na kutuambia watafuatilia, na naamini walifuatilia, lakini malori kwenye barabara ile ni mengi na mpaka uko karibu. Dereva hajajulikana mpaka leo ninapoandika.

Tulimkuta hospitali mjini, yule yule wa Moa, ameshatolewa chumba cha upasuaji. Mguu wa kulia ulikuwa umekatwa juu ya goti. Nesi alinikabidhi mfuko wa nailoni wenye nguo zake, na ndani yake ilikuwamo sketi, imepasuliwa kwa mkasi kutoka pindo hadi kiunoni. Walifanya inavyotakiwa, na haraka. Mkasi ulikuwa umepita kando ya mshono wangu, maana mshono wenyewe ulikuwa mgumu kukatika. Nilikaa kwenye benchi la nje nimeupakata ule mfuko na sikujua niuweke wapi.

Kwa wiki zilizofuata nilikwenda kila siku. Nilibeba uji, nilibeba supu, nilifua shuka, nilimshika mama yake mkono tukishuka ngazi. Mambo hayo yalinipa pa kuweka mikono, lakini hayakupunguza kitu. Yeye mwenyewe hakulia mbele yangu. Alikuwa akiuliza habari za watoto wa vitongojini, nani amempima yule aliyekuwa amepungua uzito, nani amempeleka kliniki yule mjamzito wa pacha.

Siku moja mchana mama yake alikuwa amekaa upande wa ukutani, mimi upande wa mlangoni. Mgonjwa alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Akasema, "Dada, nikune mguu."

Nikamuuliza upi.

"Wa kulia. Kwenye kisigino."

Mama yake aligeukia ukuta. Nilimtazama usoni nikidhani homa imempanda, lakini macho yake yalikuwa wazi na yamenielekea, ya mtu mwenye akili zake zote.

"Najua haupo," akasema. "Lakini unawasha."

Nikanyoosha mkono hadi mwisho wa kitanda, mahali ambapo shuka lilikuwa bapa, nikaanza kukuna. Nilikuna shuka. Akaniambia nishuke kidogo, nikashuka. Akaniambia zaidi kwa ndani, nikaenda kwa ndani. Wagonjwa wengine walikuwa wanatutazama. Akasema hapo, hapo hapo, akafumba tena macho. Sijui kama kuwashwa kuliisha au alinihurumia. Niliendelea kukuna mpaka vidole vikafa ganzi, kwa sababu sikujua ni wakati gani mtu anatakiwa kuacha.

Mume wangu hakuweza kukaa wodini. Alikuwa akifika mlangoni, anasalimia, anarudi nje. Kilichomkaa moyoni ni baiskeli. Ilikuwa kituo cha polisi, nyuma, imelazwa juu ya majani. Aliomba ruhusa ya kuiona, nikafuatana naye. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekunjika, fremu imepinda, lakini la mbele lilikuwa zima. Alichuchumaa akaminya breki ya mbele. Ikashika. Akalizungusha gurudumu, akaminya tena, ikashika. Alikagua kila waya, kila nati, kama anavyofanya kwa baiskeli ya mteja mkorofi. Askari aliyetusindikiza alisubiri. Mwishowe mume wangu alifuta mikono kwenye suruali akasema, "Ningekuta imekatika, ingekuwa afadhali."

Nilimwelewa. Kosa angejua pa kulirekebisha. Sasa hakukuwa na kitu cha kurekebisha. Breki ilikuwa nzima, sketi haikuingia kwenye cheni, mwanamke alikuwa upande wake wa barabara, na jua lilikuwa linawaka. Watu walitushauri tushone mikanda inayong'aa kwenye pindo. Tuliishona, kwenye sketi zote, na bado tunaishona, na kila ninapoipiga mshono najua kwamba siku ile ilikuwa mchana kweupe.

Na maagizo yalizidi. Hilo lilinikaba kuliko yote. Picha yake ilikuwa bado inazunguka. Tuliifuta kwetu, lakini ilikuwa imeshaingia kwenye simu za watu, na simu za watu hazina mlango wa kubisha. Kila asubuhi mtu mpya kutoka mji nisioujua aliniandikia kwamba anataka kama ya yule dada anayecheka. Nilianza kuwaambia sketi hiyo hatuishoni tena. Kisha nikaona ninasema uongo, nikawa sijibu. Nilimweleza mwenyewe jambo hilo wodini, nikimwomba radhi, nikimwambia najaribu kuiondoa ila siwezi. Alifikiri kidogo.

"Iache," akasema. "Pale nilikuwa naendesha vizuri."

Mume wangu aliamua kuzikusanya baiskeli zote tulizowapa wanawake. Sikumzuia, ingawa sikumwambia aende. Alianzia Pangani. Alivuka kwa pantoni, akamkuta mhudumu wa kule ng'ambo nyumbani kwake, akamweleza yaliyompata mwenzake na kwa nini amekuja. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, akampa pole, akamletea madafu. Kisha akamuuliza, "Shemeji, ukiichukua baiskeli, na barabara utaichukua? Maana mimi nitapita pale pale kwa miguu." Mume wangu aliitia cheni mafuta, akakaza usukani, akarudi jioni mikono mitupu. Hakwenda kwa mwingine. Kwa muda mrefu alikuwa anafunga upande wake wa chumba mapema, anakaa uani.

Mgonjwa aliporuhusiwa, tuliambiwa mguu wa bandia hutengenezwa mbali, na kwamba kwanza kidonda kipone kabisa. Alipewa magongo. Kabla hajaondoka aliniambia, kwa aibu, kwamba sketi yake ilikatwa na hana nyingine nzuri, nimshonee. Nilisema haraka sana kwamba nitamshonea.

Nilifika nyumbani nikatandaza kitambaa cha rangi ile ile, nikaweka juu yake pateni yangu ya karatasi. Pateni ina miguu miwili, kushoto na kulia, na marinda yanayoificha. Niliushika ule upande wa kulia wa karatasi. Niliukunja, nikaukunjua. Nikafikiria kuufupisha, nikafikiria kuuziba, nikafikiria kuuacha mrefu utandike chini, na kila njia ilinionyesha kitu ambacho sikutaka kukiona kwenye nguo niliyoishona mimi. Chaki ilikuwa mkononi na sikuchora mstari. Nimeshona nguo za maharusi na za maiti, na nimeshona kanzu za makasisi. Sijawahi kusimama mezani bila kujua pa kukata. Mwisho nilimshonea sketi ya kawaida tu, ya mpira kiunoni, isiyo na mgawanyiko ndani, ambayo mwanafunzi yeyote wa cherehani angeweza kuishona. Sikuweka kile kitambaa cha gurudumu. Aliipokea akaisifu rangi. Kisha akaigeuza ndani, akatafuta kiunoni kwa vidole, akaniuliza mbona haina alama. Nikamwambia nilisahau.

Kijiji kilichagua mhudumu mwingine, mama kijana mwenye mtoto mdogo. Alikuja Makorora mwenyewe, kwa basi, na ujumbe kutoka kwa mwenzake aliyemtangulia kwamba tumpe baiskeli na sketi. Nilitazamana na mume wangu. Nilitaka aseme hapana ili nisiseme mimi, na nadhani yeye alitaka vivyo hivyo kwangu. Mgeni alisimama pale akitabasamu, mikono ameinyanyua kidogo, tayari kupimwa. Nikachukua futi kamba nikampima. Mume wangu akaenda uani akarudi na baiskeli aliyokuwa ameitengeneza kimyakimya, sijui lini.

Tumekwenda Moa mara kadhaa tangu hapo. Mara ya mwisho ilikuwa siku ya kupima watoto. Sasa watoto wanaletwa barazani kwa yule wa kwanza, kwa sababu yeye hawezi kuwafuata, na wa mbali hupimwa na yule mama kijana anayezunguka. Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, magongo pembeni, mguu wa bandia bado hajaupata, anaita majina, anamkaripia mama aliyechelewa, anacheka na mwingine. Mama yake alikuwa kibarazani kwenye kigoda, amegeuza uso upande wa barabara. Yule mama kijana alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kitongoji cha mwisho na alitarajiwa kuwa amesharudi. Mume wangu alikuwa amekwishaenda hadi njia panda kuchungulia, na akaenda tena.

Mtoto wa yule mama kijana alikuwa ameachwa hapo hapo, akaanza kulia. Mwenyeji wangu alikuwa na mtoto mwingine kwenye mizani, akanitupia jicho akasema, "Dada, hebu mshike." Nikamchukua. Nilimweka begani, nikampakata, nikamwimbia, nikampa ufunguo wa nyumba achezee. Alizidi kulia, amejinyoosha mwili mzima kuelekea barabarani. Mama mzee alinitazama mara moja, kisha akarudisha macho kule kule. Nikasimama na mtoto, nikawa natembea naye kutoka ncha moja ya baraza hadi nyingine, nikimpigapiga mgongoni.